Waya wa Kuanikia

Jina la Leonce lilisomwa mara mbili katika sala moja. Mara ya kwanza lilisomwa kati ya wasafiri, baada ya dereva fulani wa lori na msichana aliyekwenda kwenye mitihani Iringa. Mara ya pili lilisomwa kati ya marehemu. Msomaji, mama mmoja aliyekuwa amevaa miwani ya kuazima, hakugundua mpaka alipokwisha kulitamka. Wanajumuiya wakabaki wanatazamana, hawajui waitikie kwamba Bwana amrudishe salama au ampe raha ya milele.

Waliompa msomaji jina hilo walikuwa mume na mke, na walikuwa wameketi benchi moja. Kajetani alikuwa amemnong'oneza la wasafiri alipoingia. Theodosia alikuwa amemnong'oneza la marehemu alipokuwa akitandika mkeka. Kila mmoja alidhani mwenzake amenyamaza.

"Huko kwa marehemu mtoeni," Kajetani alisema, amesimama na rozari mkononi. "Mwanangu ni mzima. Nimemsikia redioni juzi Jumamosi, kwa masikio yangu haya."

Mtu mmoja nyuma alikohoa kikohozi kisicho na mafua. Wanawake wawili walifunika midomo kwa kanga. Hilda, mke wa Leonce, aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, maana alijua kwamba wakishamaliza kumtazama mzee watamgeukia yeye. Na kweli walimgeukia. Zaidi ya mwaka sasa watu wa jumuiya hawakujua wamwite mke au mjane, nao waliona raha fulani kumkumbusha kwamba hawajui.

"Basi tumwombee tu, Mungu anajua yuko upande gani," msomaji alisema, akaendelea na jina lililofuata.

Theodosia alitazama mkono wa mumewe ulioshika rozari, akamwonea huruma na kumkasirikia kwa wakati mmoja.

* * *

Habari ya Leonce ililetwa na Abuu, kijana wa Tunduru aliyechimba naye mawe ng'ambo ya Mto Ruvuma, upande wa Msumbiji. Abuu alifika nyumbani kwao Msamala, Songea, na begi la mwenzake, akakataa kiti, akakaa chini kabisa karibu na mlango kama mtu anayetaka kuondoka haraka.

"Shimo lilianguka wakiwa ndani," alisema. "Mama yangu, mimi sikumwona akitoka. Na maiti yake pia sikuiona, maana lile shimo halikufukuliwa. Wallahi sijui niseme nini zaidi ya hapo. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye."

Ndivyo alivyosema, na tangu siku hiyo nyumba iligawana maneno yake. Theodosia alichukua nusu ya kwanza: hakumwona akitoka. Kajetani alichukua nusu ya pili: maiti hakuiona. Hilda alibakiwa na begi.

Theodosia alitaka matanga. Mtu asiyemjua angedhani ana haraka ya kumzika mwanawe, lakini haikuwa hivyo. Kila mvua iliponyesha alimsikia Leonce mlangoni akipangusa miguu, upande mmoja halafu wa pili, kama alivyomfundisha tangu utoto, kisha kimya. Alikwisha kufungua mlango mara nyingi na kukuta baraza tupu, kavu, halina hata alama ya tope. Aliamini kwamba mtu asiyeliliwa hana pa kuingia. Alitaka aliliwe, asomewe misa, aingie mahali, apumzike naye apumzike.

Ndugu za Hilda kule Lusewa nao walituma maneno, tena si mara moja. Kama shemeji yao amekufa, matanga yawekwe na kuanuliwa, dada yao ajue moja. Kama yu hai, na atume hata salamu.

Salamu ndizo Kajetani alizokuwa amezisikia.

* * *

Uani mwa nyumba kulikuwa na pikapu ya Peugeot iliyolala juu ya mawe. Zamani Kajetani aliitumia kubeba mahindi kutoka Madaba, na Leonce alikulia katika kiti cha abiria, miguu haifiki chini, akizungusha kitufe cha redio. Magari ya siku hizi yanayotoka Japani yana redio zisizokamata hata stesheni za hapa nchini sawasawa. Redio ya Peugeot ilikuwa ya kizamani na ilikuwa na masafa mafupi, yale yanayovuka bahari. Gari lilikufa, matairi yakauzwa, antena ikavunjwa na mwizi ambaye mpaka leo hakuna ajuaye aliipeleka wapi. Redio ilibaki, na kila betri ilipopata chaji kwenye sola ya jirani, Kajetani alikwenda kukaa ndani ya gari lisilokwenda popote.

Badala ya antena alinyoosha henga ya nguo, akaichomeka kwenye tundu lililoachwa na mwizi. Ilikamata kidogo. Jumamosi ile alasiri alikuwa akitafuta idhaa moja ya ng'ambo yenye kipindi cha salamu, ambamo msikilizaji hupiga simu, hutaja jina lake na mahali alipo, kisha husalimia watu wake. Leonce alikipenda kipindi hicho kuliko chakula. Alipopata simu yake mwenyewe alikuwa akipiga mara kwa mara, mpaka mama yake akawa anamuuliza kama salamu za mtu wa chumba cha pili lazima zipitie Ulaya.

Redio ilikuwa inavuma tu, kama mahindi yanayopetwa. Halafu, ndani ya mvumo ule, sauti ikasema: "...Leonce... Songea..." Ikapotea. Ikarudi: "...mimi ni mzima... baba..." Ikapotea tena, na haikurudi.

Kajetani alikaa pale mpaka betri ikaisha.

Tangu hapo hakufanya kazi nyingine. Henga ilikuwa fupi, alisema, masafa mafupi yanataka waya mrefu. Akaenda kwa fundi wa mota kule Bombambili, akarudi na bunda la waya wa shaba uliotolewa kwenye mota iliyoungua. Akauchuna rangi kwa kisu, akaufunga kwenye henga, akauvuta kuvuka ua. Haukufika mbali. Akasimama katikati ya ua akitazama huku na huku, na macho yake yakatua kwenye waya wa kuanikia nguo, mrefu, uliokazwa kati ya nguzo mbili za mti wa mlingoti.

Theodosia alimkuta amepanda ndoo, anakata kandambili kuukuu na kuvisha vipande vya mpira kati ya waya na nguzo.

"Baba Leonce, unafanya nini na waya wangu?"

"Waya ukigusa nguzo yenye maji, nguvu yote inashuka ardhini. Mpira unazuia."

"Nguvu ya nini?"

"Ya sauti."

"Na nguo nitaanika wapi?"

"Kwenye majani. Nguo mbichi inapunguza."

Theodosia aliweka beseni chini. Ndani yake kulikuwa na suruali na mashati ya Leonce. Siku ya kuanua matanga nguo za marehemu hugawiwa ndugu, na nguo haigawiwi ikiwa chafu. Alikuwa ameanza kuzifua bila kumwambia mtu, nguo chache kila siku, azimalize kabla shemeji yake, kaka wa mumewe, hajafika.

Kajetani alilitazama beseni, bado amesimama juu ya ndoo.

"Hizo ni za kuvaa akirudi?" aliuliza.

"Unajua ni za nini."

"Basi zianike kwenye majani, Mama Leonce. Usizianike hapa."

Tangu mtoto wao azaliwe hawakuitana majina mengine, na sasa kila mgongano ulilazimika kumtaja. Theodosia alizianika nguo kwenye majani. Alasiri mvua ikanyesha, zikajaa matope, akazifua upya. Kesho yake alfajiri, mumewe akiwa bado amelala, alizianika kwenye waya.

* * *

Mathias, kaka yake Kajetani, alifika Jumamosi akitokea Madaba na gunia la unga na dumu la ulanzi, pombe ya mianzi. Ndiye mkubwa wa ukoo, na alikuja kupanga siku ya matanga. Hilda alipiga goti kumpokea.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Pole na yote."

Neno hilo, pole na yote, lilimchoma Hilda kuliko maneno ya jumuiya, kwa sababu halikuwa na ubaya. Aliingia jikoni akakoroga togwa iliyokwisha korogwa.

Kwa kweli Hilda hakujua anataka nini. Usiku aliomba baba mkwe awe amesikia sawasawa. Mchana, akitwanga, akichota maji, akimfunga bintiye Pamela viatu vya chekechea, alitaka tu mtu mmoja aseme neno moja lisilo na nusu. Leonce alikuwa amepiga simu redioni mara nyingi mno, mbele yake na nyuma yake. Alijua hilo. Hakulisema, maana alitaka naye kusikia kwanza.

"Kajetani, mdogo wangu," Mathias alianza walipokwisha kunywa, "watu wanakusema. Mpaka kule kwetu habari imefika kwamba unaongea na mwanao kwenye gari bovu."

"Siongei naye. Namsikia."

"Ulisikia Leonce. Akina Leonce hawapo wengine?"

"Wa Songea? Mwenye sauti ile? Kaka, wewe ukimsikia mwanao ukiwa gizani utauliza ni nani?"

Mathias aliwasha sigara. Hakuwa mtu mkatili, ila alikuwa amepoteza siku ya kupanda.

"Kipindi ni saa ngapi?"

"Alasiri hii."

"Basi tusikilize wote. Akisema ni mzima, mimi mwenyewe nitabeba unga wangu nirudi nao. Asiposema, Jumamosi ijayo tunaweka matanga, na wewe hutasimama kanisani kupinga. Tumekubaliana?"

Kajetani aliitazama pikapu. "Tumekubaliana," alisema.

Theodosia aliyasikia hayo kutoka jikoni. Alifuta mikono, akatoka, akaanza kuanua nguo kwenye waya kabla hajaambiwa.

* * *

Alichelewa. Suruali zilikuwa nzito kwa maji ya mvua ya asubuhi, zilikuwa zimeuvuta waya tangu alfajiri, na pale Kajetani alipounga shaba na waya wa kuanikia pakawa pamekatika. Kajetani aligundua wakati kipindi kinakaribia, alipowasha redio na kukuta inavuma tu. Koleo alikuwa amemwazima jirani na jirani hayupo. Alijaribu kuzipinda ncha za waya kwa meno.

"Nikiziacha zinafyatuka," alisema. "Nikizishika, inakamata. Lakini mimi lazima niwe kwenye kitufe. Hiki kitufe kinateleza, anayekijua ni mimi."

Alimtazama kaka yake. Mathias alikuwa amekwisha ingia ndani ya gari. Alimtazama Hilda, aliyesimama dirishani mwa gari na Pamela kiunoni.

"Lete, nishike mimi," Theodosia alisema.

Akasimama kando ya nguzo, ncha ya shaba mkono wa kulia, ncha ya waya wa kuanikia mkono wa kushoto, akazibana pamoja. Beseni la nguo lilikuwa miguuni mwake. Hakuamini hata kidogo. Alishika kama mtu anavyomshikia mtoto kioo ili ajitazame, mchezo uishe, wote waingie ndani.

Kajetani alizungusha. Mvumo ukapanda, ukashuka, kikasikika kinanda, kikasikika Kiarabu, kisha Kiswahili safi cha mtangazaji mwanamke, kikubwa mpaka Mathias akarudisha kichwa nyuma. Waya mrefu ulikuwa unafanya kazi. Zikapita salamu za mtu wa Kisumu. Zikapita za mtu wa Bujumbura.

"Na huyu tuliye naye sasa, nani mwenzetu?"

"Naitwa Leonce Kajetani, niko Msamala, Songea."

Hilda alishika mlango wa gari. Mathias aliitoa sigara mdomoni taratibu. Sauti ilikuwa ile, na ile kwikwi ndogo ya kicheko kabla ya kila sentensi, wala hakuna mtu pale ambaye angeweza kusema si yeye.

"Habari za Songea, Leonce?"

"Njema kabisa, dada. Mvua zimeanza. Mimi ni mzima."

"Umesikia?" Kajetani alinong'ona. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta, mikono yote miwili iko kwenye kitufe. "Kaka, umesikia? Mzima."

Kule nguzoni, Theodosia alikuwa amesimama mdomo wazi. Sauti ya mwanawe ilikuwa inapita katika vidole vyake, ndivyo alivyohisi, na kwa mara ya kwanza tangu Abuu alipoketi mlangoni aliamini nusu ya pili. Aliamini kabisa. Aliona mlango unafunguliwa na miguu iliyopanguswa inaingia.

Halafu nyuma ya sauti ya Leonce mtoto mchanga akalia.

Kilikuwa kilio chembamba chenye kukatika katikati, kama kinachomeza hewa. Theodosia alikuwa amekiogesha kilio hicho, amekibeba mgongoni, amekaa nacho usiku mama yake mtoto alipokuwa na homa ya uzazi. Hakukuwa na mtoto mwingine duniani aliyelia hivyo. Na mtoto huyo alikuwa pale dirishani, kiunoni mwa Hilda, na viatu vya chekechea.

Theodosia aliachia.

Mvumo ukajaa gari. "Mama Leonce, shika," Kajetani alisema. "Shika, shika, anaongea."

Hakushika. Yeye aliyefua nguo, aliyepeleka jina kwa marehemu, alificha mikono nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Mkono umechoka," alisema.

"Dakika moja tu, mke wangu."

"Si umekwisha sikia? Amesema ni mzima. Kaka Mathias naye amesikia. Inatosha, Baba Leonce. Zima."

Lakini Kajetani alikuwa amekwisha teremka. Alipita mbele yake, akaokota ncha mbili za waya, na Theodosia akamshika kiwiko. "Usiunge," alimwambia polepole, wengine wasisikie. "Nakuomba. Iache hapo hapo." Kajetani hakuelewa. Alidhani ni uchungu wa kushindwa. Akaunga.

"...kumbe una mgeni hapo," mtangazaji alikuwa akicheka.

"Huyu binti yangu, dada, Pamela. Ana wiki tu tangu azaliwe. Hajui kusema, ila namsemea mimi: anasema shikamoo babu."

"Babu amesikia. Ahsante, Leonce wa Songea." Muziki kidogo. "Wapenzi wasikilizaji, haya ni marudio ya vipindi vyetu vya miaka iliyopita, tunavyowaletea tunapokaribia kufunga matangazo yetu ya masafa mafupi. Tunarudia, wasikilizaji: haya ni marudio."

Mathias alikitazama kipande cha sigara mkononi mwake, akakizima kwenye dashibodi iliyojaa vumbi. Hilda alilia, kwa sauti, kilio kizima kilichokuwa kimengoja ruhusa, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kajetani alibaki ameshika waya. Kipindi kikaisha, ikaja taarifa ya habari ya nchi ambazo hakuwahi kuzijali, na bado alishika, vidole vimekuwa vyeupe. Kule dirishani Pamela alikuwa anamvuta mama yake kanga.

"Mama, redio imesema Pamela. Mimi nimemwamkia babu?"

Kajetani ndiye aliyegeuka.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema. "Marahaba."

Kisha akaachia. Mvumo ukarudi, Mathias akanyoosha mkono akazima redio. Kajetani alizifunga ncha zile upya, fundo la kawaida la kuzuia waya usianguke tu, bila kujali shaba imegusana au haijagusana. Akauvuta waya kuona kama unaweza kubeba uzito. Akainama kwenye beseni, akatoa suruali, akaikung'uta, akaianika. Akaanika ya pili. Mwanamume mzee anaanika nguo mchana kweupe na kaka yake anatazama, na hakuna aliyemcheka.

"Jumamosi ijayo," alisema bila kugeuka. "Kaka, wape watu habari."

"Sawa, mdogo wangu."

Akaanika mpaka akafika kwenye shati la mwisho, shati jeupe la kanisani. Theodosia alikuwa amemtangulia kulichukua. Alilishika kwa mikono yote miwili, akalibana kifuani mpaka maji yakamlowesha nguo na kutiririka hadi miguuni.

"Lete nianike, Mama Leonce."

Alilitazama shati, akaligeuza kola, akalinusa.

"Hili bado halijatakata," alisema, akalirudisha kwenye beseni, akaenda kuchota maji mengine.